Jenerali Tito Okello Lutwa: kwa nini utawala wake ulikwisha kwa miezi sita?

Swali:

"Nasomea ualimu na nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa Jenerali Tito Okello wa Uganda, maneno 3,000. Kila ninachosoma kinapingana na kingine. Mahali pamoja naambiwa yeye ndiye aliyempindua Rais Obote, pengine naambiwa ni Bazilio Okello, na wapo wanaosema hao ni ndugu wa tumbo moja. Mhadhiri wangu anasema Tito alikuwa mzee asiyesoma, aliyewekwa kitini kama kinyago tu. Baba mkubwa, ambaye alikuwa askari wa UNLA, jeshi la Uganda la miaka ile, hukasirika akisikia hivyo, lakini hasemi zaidi. Ukweli uko wapi? Na iweje mtu aliyekaa jeshini miaka zaidi ya 40 ashindwe kutawala hata mwaka mmoja?"

Jibu:

Umeuliza mambo mawili yaliyofungwa kitita kimoja: nani alifanya nini Julai 1985, na Tito Okello alikuwa mtu wa namna gani. Tuyafungue kwa zamu, maana la pili halijibiki kabla la kwanza halijanyooka.

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Okello si jina la ukoo. Kwa Waacholi na Walango, mtoto wa kiume anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Okello, na wa kike Akello. Simama sokoni Gulu au Lira uite "Okello!", watageuka wengi, na huenda hakuna wawili kati yao wenye babu mmoja. Tito Okello Lutwa na Bazilio Olara-Okello walikuwa Waacholi wote wawili na maofisa wa jeshi moja, lakini hawakuwa ndugu. Kuna wa tatu anayewapoteza hasa wasomaji wa Kiswahili: John Okello, yule aliyejipa cheo cha Fildi Marshali katika mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Huyo naye alitoka kaskazini mwa Uganda, upande wa Lango, na hana uhusiano na hawa wawili. Tena yupo Olara Otunnu, waziri wa mambo ya nje katika serikali ya Tito, ambaye watu humchanganya na Bazilio kwa sababu ya hilo "Olara". Otunnu ni mwanasheria na mwanadiplomasia aliyekuwa balozi wa Uganda Umoja wa Mataifa. Bunduki haikuwa kazi yake.

Kwa hiyo kuanzia sentensi ya kwanza ya wasifu wako andika "Tito" na "Bazilio". Usiandike "Okello" peke yake hata mara moja. Utaona nusu ya migongano unayoilalamikia imetoweka.

Sasa nani alimpindua Obote? Aliyeongoza askari ni Bazilio. Akiwa brigedia, mkuu wa brigedi ya kaskazini yenye makao Gulu, aliteremka na wanajeshi wake hadi Kampala, na tarehe 27 Julai 1985 serikali ya Milton Obote ikaanguka. Obote alikimbilia Kenya, kisha akaishi Zambia. Kwa siku mbili Bazilio ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi kwa jina. Tarehe 29 Julai Tito aliapishwa kuwa Mwenyekiti wa Baraza la Kijeshi, yaani mkuu wa nchi, na Bazilio akashika ukuu wa majeshi. Mwenye kusema "Bazilio alipindua" na mwenye kusema "Tito alichukua nchi" wote wana haki, ila kila mmoja anazungumzia siku yake. Ukiona chanzo kinaandika kwamba Tito aliapishwa tarehe 27, au kwamba aliongoza msafara kutoka Gulu, kitilie alama ya kuuliza na ukisome kilichobaki kwa tahadhari.

Kuhusu hiyo miaka 40 na ushei, hesabu ni 1940 hadi 1986, lakini katikati yake kuna miaka minane ya ukimbizi, 1971 hadi 1979. Hii si ndogo. Aliyekaa ukimbizini miaka minane halafu akarudi kuongoza jeshi si mtu yule yule aliyeondoka.

Alizaliwa Namokora, Kitgum. Vyanzo vingi hutaja mwaka 1914. Uandike, lakini weka neno "hivi" au "inakadiriwa", kwa sababu kwa vijana wa vijijini wa kizazi kile umri mara nyingi ulikuwa ni makadirio ya aliyekuwa ameshika kalamu. Mwaka 1940 alijiunga na King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari Waafrika, wale tuliowaita keya, na akatumikia katika vita vya Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Hapa tuligeukie neno la mhadhiri wako, "asiyesoma". Waingereza walipoandikisha askari Uganda walielekea kaskazini kwa makusudi, na walichotafuta ni kijana mrefu, mkakamavu, mwenye kutii. Shule haikuwa sifa. Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili, kuanzia gwaride hadi lindoni. Na juu ya kichwa cha askari Mwafrika kulikuwa na dari: angeweza kupanda hadi usajini, lakini uofisa kamili ulibaki wa Mzungu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kikaanzishwa cheo cha katikati, afande, na mwaka 1961, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru, Waganda wawili wa kwanza wakapewa uofisa kamili: Idi Amin na Shaban Opolot. Piga hesabu: aliyeingia 1940 alikuwa amekaa chini ya dari hiyo miaka 21.

Halafu dari ikaondolewa ghafla. Januari 1964 askari wa Jinja waliasi wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Serikali iliwaita wanajeshi wa Uingereza kutuliza, lakini ikakubali sehemu kubwa ya madai, na kwa muda mfupi sana watu waliokuwa masajini wakawa makapteni na mameja. Tito ni wa kizazi hicho. Alikuwa hodari wa kuongoza watu uso kwa uso, anawajua kwa majina na vijiji vyao, bila kupitia chuo cha ukamanda wala meza ya mipango. Tena Uganda, tofauti na Tanzania, Kiswahili kilinuka kambi na kizuizi cha barabarani, na watu wa mjini walikikunjia uso. Aliyempima mzee huyu kwa Kiingereza alichukua kibaba kisicho chake. Lakini usiende upande wa pili ukaandika kwamba alikuwa mwanasiasa mjanja aliyeeleweka vibaya. Ujanja wa mezani hakuwa nao, na mazungumzo ya amani ya Nairobi mwaka 1985 yalionyesha hivyo.

Amin alipompindua Obote na kuchukua nchi tarehe 25 Januari 1971, askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa kwa wingi makambini. Waliopona walivuka mipaka. Wengi wao hatimaye walikusanywa Kigwa, mkoani Tabora, ambako askari waligeuka wakulima huku wakingoja. Tarehe 17 Septemba 1972 walijaribu kurudi kwa nguvu, wakashambulia kusini kuelekea Masaka na Mbarara, Tito akiwa miongoni mwa makamanda, na wakapigwa vibaya. Hilo jaribio lilishindwa kwa sababu za kawaida kabisa: watu wachache, mawasiliano duni, na imani kwamba wananchi wangeinuka mara wakisikia milio. Hawakuinuka.

Bahati ilirudi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tanzania ilipojibu, wakimbizi wa Obote waliundiwa Kikosi Maalum wakapigana bega kwa bega na Jeshi la Wananchi. Machi 24 hadi 26, 1979, vyama vya Waganda walio nje vilikutana Moshi, ukazaliwa mseto wa UNLF na jeshi lake UNLA. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Sasa tazama jambo moja ambalo wasifu mwingi hulipita haraka. Katika Kikosi Maalum na baadaye UNLA, Tito alikuwa mkubwa kwa cheo na umri, lakini aliyeendesha vita ni kijana wa Kilango, David Oyite-Ojok. Ndiye aliyetangaza redioni kuanguka kwa Kampala, na ndiye mnadhimu mkuu ambaye amri zake zilifika vikosini. Mzee mbele, kijana nyuma yake akiwa na funguo. Mwaka 1985 mpangilio ni ule ule, ila kijana sasa anaitwa Bazilio.

Ndiyo maana neno "kinyago" halitoshi. Kinyago huchongwa na mtu na hakina uzito wake. Tito alikuwa na uzito, tena uzito uliohitajika: alikuwa mkubwa wa maofisa wa Kiacholi, mpiganaji wa zamani wa Tanzania, mtu ambaye hakuna aliyemwogopa kupita kiasi. Kwa sababu hiyo kila upande ungeweza kumkubali akae mbele. Kasoro ni kwamba sifa iliyomfanya akubalike ndiyo iliyomnyima nguvu. Hakuwa na kikosi kinachomtii yeye peke yake. Angeweza kutia sahihi chochote, lakini kutekeleza kulitegemea watu ambao hawakuwepo mezani. Ukiishika nukta hii, miezi sita inajieleza yenyewe.

Turudi nyuma kidogo kuona jeshi lilipasukaje. Oyite-Ojok alikufa katika ajali ya helikopta tarehe 2 Desemba 1983. Nafasi yake ilikaa wazi miezi kadhaa, na mwaka 1984 Obote, aliyekuwa amerudi madarakani baada ya Amin, akampa Smith Opon Acak, Mlango mwenzake, akiwaruka maofisa wa Kiacholi waliomtangulia, Bazilio akiwa mmojawapo. Wakati huo huo vita na waasi wa National Resistance Army (NRA) ya Yoweri Museveni, vilivyoanza na shambulio la Kabamba tarehe 6 Februari 1981, vilikuwa vinawala vijana Luwero, kaskazini mwa Kampala, na Waacholi wakalalamika kwamba wao ndio wanaotangulizwa mbele. Mapema Julai 1985 Waacholi na Walango walipigana wao kwa wao katika kambi ya Mbuya, Kampala. Tito akaondoka mjini kwenda kaskazini. Wiki chache baadaye Obote hakuwa madarakani.

Angalia basi Tito alirithi nini siku ile ya kiapo. Sehemu ya jeshi, Walango, imetawanyika au imekata tamaa. Mji umeporwa na askari wale wale walioingia kumkomboa kila mtu. Bunge limevunjwa, katiba imesimamishwa, chama tawala kimeondolewa, kwa hiyo hakuna chombo cha kiraia kinachobeba serikali isipokuwa baraza la wanajeshi. Uchaguzi umeahidiwa ndani ya mwaka mmoja. Na magharibi, NRA ilikwisha kuingia Fort Portal hata kabla ya Kampala kubadili bendera.

Kosa la kwanza lilikuwa la haraka. Paulo Muwanga, makamu wa rais wa Obote na mtu aliyesimamia tume ya kijeshi ya 1980, alifanywa waziri mkuu mwanzoni mwa Agosti. Kwa Museveni na kwa wengi wa Buganda, jina hilo lilitosha kuonyesha kwamba mlango umebadilishwa rangi tu. Muwanga aliondolewa tarehe 25 Agosti na Abraham Waligo akashika nafasi. Baraza lilionyesha kwamba linasikia, ila pia lilionyesha kwamba linasukumika.

La pili lilikuwa zito zaidi. Ili kufidia askari waliokimbia, baraza liliyaita makundi yenye silaha yaliyokuwa yakipigana na Obote: UFM ya Andrew Kayiira, FEDEMU, UNRF ya Moses Ali, na FUNA, yaani askari wa zamani wa Amin. Kwenye karatasi huo ni mwito wa maridhiano. Mitaani, Kampala iligawanywa vipande, kila kundi na eneo lake na vizuizi vyake. Raia aliyetoka nyumbani kwenda kazini alivuka mamlaka mbili tatu kabla ya saa tatu asubuhi. Walioitwa walikuja na makamanda wao, wakabaki na makamanda wao, na hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuwavua. Mkuu wa nchi alikuwa ameongeza bunduki mjini bila kuongeza askari.

Kisha Nairobi. Mazungumzo yalianza tarehe 26 Agosti 1985 chini ya Rais Daniel arap Moi, yakakatika, yakarudi, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 17 Desemba. Waganda walio na mzaha wao waliyaita mizaha ya amani badala ya mazungumzo ya amani. Usiishie kwenye mzaha, ingia ndani ya mkataba, kwa sababu tarakimu zake ndizo ushahidi wako bora. Tito angebaki mwenyekiti, Museveni awe makamu wake. Viti 20 vya baraza viligawanywa hivi: UNLA 7, NRA 7, UFM 2, FEDEMU 2, UNRF 1, FUNA 1. Jeshi jipya lingekuwa na watu 8,480: UNLA 3,700, NRA 3,580, na makundi mengine kwa pamoja 1,200.

Soma tarakimu hizo polepole. Kupata wingi wa kura 11, upande wa Tito ulihitaji kura nne kutoka kwa watu wasio wake. Katika jeshi angekuwa na kama asilimia 44, naye makamu wake asilimia 42. Zaidi ya hapo, UNLA ilikuwa na askari wengi kuliko hao 3,700. Waliobaki walitakiwa kurudi nyumbani bila kazi. Nani angewaambia? Mwenyekiti ambaye hakuwa na kikosi chake? NRA kwa upande wake haikuwa na sababu ya kuharakisha. Kadiri meza ilivyokaa, ndivyo ilivyokua: ilizizingira kambi za Masaka na Mbarara, Masaka ikasalimu amri mwezi huo huo wa Desemba, na daraja la Katonga kwenye barabara ya Kampala likawa mstari wa mbele. Magharibi ilikwisha kuwa na utawala wake. Kusema kwamba Tito alidanganywa Nairobi ni kurahisisha mno. Wote wawili walijua mkataba ule hautembei, ila mmoja alikuwa anapata nguvu kila wiki na mwingine anapoteza.

Museveni hakukikalia kile kiti cha makamu. Mashambulizi yaliongezeka nusu ya pili ya Januari, Kampala ikatekwa tarehe 26 Januari 1986, naye akaapishwa tarehe 29. Kuanzia kiapo cha Tito hadi kuanguka kwa mji ni siku 181. Hapa tena kuna mtego wa tarehe: ukihesabu kuanzia 27 Julai hadi 29 Januari utapata zaidi. Chagua mwanzo na mwisho wako, useme umeuchagua, usiuchanganye katikati ya kurasa.

Huenda mhadhiri atakuuliza kama mwanajeshi wa muda mfupi lazima ashindwe. Hapana. Amadou Toumani Touré wa Mali alichukua nchi Machi 1991 akakabidhi kwa rais aliyechaguliwa Juni 1992. Abdulsalami Abubakar wa Nigeria aliingia Juni 1998 baada ya kifo cha Sani Abacha akakabidhi kwa Olusegun Obasanjo tarehe 29 Mei 1999. Wote wawili walikuwa na jeshi moja linalosikia sauti moja na hawakuwa na adui anayeteka miji huku wao wakipanga uchaguzi. Tito hakuwa na lolote kati ya hayo mawili. Ulinganisho huu utie aya moja tu, usije ukameza wasifu.

Kuna jambo baba mkubwa huenda halipendi, nawe huwezi kuliruka. Tito alikuwa mkuu wa UNLA miaka yote ya vita vya Luwero, ambako raia wengi waliuawa na jeshi hilo, na mauaji na uporaji viliendelea chini ya baraza lake. Kwamba amri za kila siku zilipitia kwa wengine hakumwondolei dhamana ya cheo. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Arthur Oder, iliyosikiliza ushahidi wa tangu uhuru hadi Januari 1986 na kutoa ripoti mwaka 1994, ndiyo pa kuanzia kwa sehemu hii, ukikumbuka kwamba iliundwa na washindi na muda wake unakomea pale washindi walipoingia. Kwani huko Namokora, nyumbani kwa Tito, raia waliuawa na askari wa serikali mpya Agosti 1986. Yaandike yote mawili. Wasifu unaotaja moja na kuficha jingine utatambulika upande wake kabla msomaji hajafika ukurasa wa tatu.

Baada ya kushindwa alikimbilia Sudan, akaishi uhamishoni, na mwaka 1993 akarudi Uganda kwa mwaliko wa Museveni mwenyewe. Alifariki Kampala tarehe 3 Juni 1996 akazikwa Namokora. Bazilio alikwisha kufa Sudan mwaka 1990. Mwaka 2010 Tito alipewa nishani ya Kagera baada ya kifo, kwa vita dhidi ya Amin, na mwanawe Henry Oryem Okello amekuwa waziri wa nchi wa mambo ya nje katika serikali iliyompindua baba yake. Ukitaka kuonyesha siasa za Uganda zilivyo na mafundo, hapo unapo, huna haja ya kuongeza maneno.

Kuhusu kuandika kwenyewe. Maneno 3,000 ni machache kuliko unavyodhani, nami ningeyagawa hivi: 400 kwa Namokora na KAR, 500 kuanzia uhuru hadi 1971, 600 kwa ukimbizi na vita vya Kagera, 500 kwa miaka ya kuongoza UNLA, 700 kwa miezi sita, na 300 kwa yaliyobaki. Wanafunzi wengi hutumia 2,000 kwa ile miezi sita na kumaliza na mtu asiye na maisha. Chukua daftari, chora safu nne: tarehe, tukio, nani anasema, na huyo anayesema alikuwa upande gani. Kila tukio la 1985 litafutie pande mbili angalau: mtu wa NRA, mtu wa UPC, chama cha Obote, Mwacholi aliyekuwa UNLA. Kumbukumbu za UPC zitamlaumu Tito kwa usaliti, za NRA zitamdharau, za kaskazini zitamwonea huruma, na tarehe zitakuwa zile zile. Unapokuta cheo, kipatie mwaka, kwani watu humwita jenerali hata mwaka 1972. Kwa mazungumzo ya Nairobi, magazeti ya Kenya ya Agosti hadi Desemba 1985 yatakufaa kuliko kitabu chochote, kwa kuwa yaliandikwa kabla mshindi hajajulikana.

Mengine hayapatikani kwenye skrini. Ukihitaji mkataba wenyewe, magazeti ya enzi hizo au faili za serikali, nenda kwa miguu yako: sehemu ya Africana ya maktaba kuu ya Makerere, au nyaraka za taifa zilizopo Wandegeya. Mweleze mkutubi jina, mwaka na tukio, si "habari za Okello", maana ataleta rafu nzima. Rekodi za KAR nyingi ziko Kew, London, na kwa kazi ya ukubwa huu hazistahili gharama. Ukienda Kitgum kuwahoji wazee, nenda na mtu anayejua Kiacholi na anayejulikana pale, uombe ruhusa kwa wenyeji kwanza, wala usiwashe kinasa sauti kabla ya kukubaliwa.

Na baba mkubwa. Hasira yake pamoja na kunyamaza kwake vinaonyesha kwamba kuna alichokiona. Usimhoji mbele ya wageni, usimsomee maneno ya mhadhiri, na usianze na Luwero. Akianza kutetemeka, akikosa usingizi baada ya mazungumzo, au akirudia tukio moja bila kuweza kuliacha, funga daftari, na umsindikize kwa mhudumu wa afya ya akili au kiongozi wa dini anayemwamini. Kazi ya darasani inaweza kungoja au kufanyika bila yeye. Lakini akiwa tayari, anza na swali dogo lenye jibu la mahali: wiki ile ya 27 Julai 1985 kikosi chenu kilikuwa kambi gani, na amri ya kuondoka mliipata kwa mdomo wa nani? Jina atakalolitaja, liwe la Tito, la Bazilio au la mtu mwingine kabisa, liandike kama alivyolitamka.